Mcheza Kwao Hutunzwa: Rosetta Tharpe, Gitaa na Lugha ya Sifa



Huenda baadhi yenu mlipoiona mada ya leo mlijiuliza: mpiga gitaa wa Kimarekani, aliyezaliwa Arkansas na kuzikwa Philadelphia, ana uhusiano gani na taaluma za Kiswahili? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo mhadhara wenyewe. Kwa ufupi ni hili: Rosetta Tharpe hakukosa wasikilizaji. Alisikilizwa na maelfu ya watu, akauza santuri, akaigwa na vijana waliokuja kuwa mashuhuri kumliko. Alichokosa ni jina la kuitwa. Lugha iliyotumika kumsifu haikuwa na mahali pa kumweka, na kisichokuwa na mahali katika lugha aghalabu hakidumu katika kumbukumbu. Maadamu sisi ni watu wa lugha, jambo hilo linatuhusu.

Nitafanya mambo matatu. Kwanza, nitaeleza maisha na kazi ya msanii huyu. Pili, nitaichunguza sifa moja aliyopewa mara nyingi, kwamba alipiga gitaa kama mwanamume. Tatu, nitaipeleka sifa hiyo katika Kiswahili, nione lugha yetu ina nyenzo gani za kumtaja mwanamke fundi, na ina mitego gani.

1. Maisha na Kazi

Rosetta alizaliwa tarehe 20 Machi 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, katika nchi ya mashamba ya pamba kusini mwa Marekani. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwimbaji, mpiga mandolini na mhubiri katika Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Wamarekani weusi. Kuna mambo mawili ya kanisa hilo yanayofaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba, wakati makanisa mengi yalizishuku ala za muziki isipokuwa kinanda, lenyewe liliruhusu ngoma, matari, tarumbeta na gitaa katika ibada. La pili ni kwamba halikuwapa wanawake daraja la uchungaji. Mwanamke alizuiwa madhabahu, lakini hakuzuiwa ala. Kwa binti mwenye jambo la kusema, gitaa ndilo lililokuwa mimbari.

Akiwa na umri wa miaka sita hivi, Rosetta alikuwa tayari akiimba na kupiga gitaa mbele ya waumini. Katika miaka ya 1920 mama na binti walihamia Chicago, wakiwa sehemu ya wimbi kubwa la watu weusi waliolihama eneo la Kusini. Mwaka 1934 aliolewa na mhubiri Thomas Thorpe. Ndoa haikudumu, lakini jina la mume, lililobadilika kidogo likawa Tharpe, alibaki nalo jukwaani maisha yake yote.

Mwaka 1938 ndio uliomtoa kanisani na kumwingiza duniani. Alikwenda New York, akaimba katika ukumbi wa starehe wa Cotton Club, na tarehe 31 Oktoba akarekodi nyimbo nne kwa kampuni ya Decca. Tarehe 23 Desemba mwaka huo huo alipanda jukwaa la Carnegie Hall, katika onyesho lililokusudiwa kuueleza umma historia ya muziki wa watu weusi. Kuziimba nyimbo za injili mahali penye pombe na wacheza dansi kuliwaudhi waumini wengi. Tangu hapo Tharpe aliishi mpakani: kwa kanisa alikuwa mtu wa dunia mno, na kwa dunia alikuwa mtu wa kanisa mno.

Mwaka 1944 alirekodi wimbo "Strange Things Happening Every Day" pamoja na mpiga piano Sammy Price. Mwaka uliofuata wimbo huo ulifika nafasi ya 2 katika orodha ya jarida la Billboard ya santuri zilizolengwa kwa wanunuzi weusi. Wapo wataalamu wanaouhesabu miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za roki. Itakumbukwa kuwa Elvis Presley alitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1954, na Chuck Berry mwaka 1955. Mwaka 1947, alipokuwa mjini Macon, Georgia, Tharpe alimwita jukwaani kijana wa miaka 14 ili aimbe. Kijana huyo ndiye aliyekuja kujulikana duniani kote kwa jina la Little Richard.

Fauka ya hayo, alikuwa mtu wa biashara yake. Mahoteli na mikahawa mingi ya Kusini haikuwapokea watu weusi, hivyo msanii ambaye usiku alishangiliwa jukwaani angeweza kukosa pa kulala baada ya onyesho. Tharpe alisafiri kwa basi lake mwenyewe, akalifanya kuwa nyumba. Katika miaka hiyo aliimba pamoja na Marie Knight, wanawake wawili waliosafiri na kujaza kumbi. Tarehe 3 Julai 1951 alifunga ndoa na Russell Morrison katika uwanja wa michezo wa Griffith, mjini Washington, mbele ya watu wanaokadiriwa kuzidi 20,000, kila mmoja na tiketi yake. Baada ya kiapo bibi harusi alichukua gitaa, akapiga akiwa ndani ya gauni lake la harusi.

Umaarufu wake ulipopungua kwao, Ulaya ilimfungulia mlango. Mwaka 1957 alizuru Uingereza na kupiga pamoja na bendi ya Chris Barber. Mwezi Mei 1964 alirudi katika msafara mmoja na Muddy Waters. Kampuni ya televisheni ya Granada iliwapeleka katika stesheni ya reli iliyokuwa imefungwa, mjini Manchester. Vijana walikaa upande mmoja wa reli, wasanii upande wa pili. Mvua ilinyesha. Tharpe alishuka kwenye gari la farasi, amevaa koti zito, akapokea gitaa jeupe la umeme na kuanza wimbo wa injili unaoihusu mvua. Filamu hiyo ipo hadi leo, na nawasihi wanafunzi waitazame, maana ndiyo hoja yangu iliyo fupi kuliko zote.

Mwaka 1970 alipatwa na kiharusi, na baadaye akakatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Hata hivyo aliendelea kuimba. Alifariki mjini Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa katika makaburi ya Northwood mjini humo. Kaburi lake halikuwekewa jiwe.

2. Gitaa Lenyewe

Ni desturi yetu, tunapomzungumzia msanii mwanamke, kueleza maisha yake kwa kirefu na kazi yake kwa ufupi. Nisingependa kuanguka katika desturi hiyo.

Katika miaka ya 1930 gitaa katika bendi nyingi lilikuwa ala ya kusindikiza. Kazi yake ilikuwa kushika mapigo, kile ambacho wapenzi wa dansi hapa kwetu hukiita rithimu. Tharpe alilipandisha cheo. Alidonoa uzi mmoja mmoja, akatoa mistari ya sauti iliyojitegemea, yaani kile tukiitacho solo. Alizilegeza nyuzi zake kwa namna iliyomwezesha kupata mlio kamili hata bila ya kubana vidole, jambo lililomwachia mkono wa kushoto uhuru wa kuteleza na kuvuta nyuzi. Na gitaa la umeme lilipoanza kupatikana, hakuliogopa. Alitambua kuwa kipaza sauti si cha kuongeza kelele tu. Kinabadilisha tabia ya ala, kikaipa sauti yenye mkwaruzo, inayoweza kushindana na kwaya nzima.

Wapenzi wa ngoma zetu wataielewa kazi hiyo kwa haraka. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki manju huanzisha na wengine huitikia, na uhai wa wimbo umo katika kuitikizana huko. Kanisa la Tharpe lilikuwa na utaratibu wa aina hiyo hiyo. Yeye aliutia wote ndani ya mwili mmoja: sauti yake iliita, gitaa lake likaitikia. Mara nyingine aliuacha mstari wa wimbo bila kuumaliza kwa maneno, nyuzi zikaumalizia. Alikuwa manju na waitikiaji kwa wakati mmoja. Ukisikiliza wapiga gitaa wa roki waliofuata, wanaume wanaosimama mbele ya jukwaa wakiimba nusu ya mstari na kuuacha mkono useme nusu iliyobaki, unasikia utaratibu ambao mwanamke huyu alikuwa ameshaurekodi kabla yao.

3. "Anapiga kama Mwanamume"

Basi mtu wa namna hii alisifiwaje? Sifa iliyomwandama miaka yote ni kwamba alipiga gitaa kama mwanamume. Hakuwa peke yake. Memphis Minnie, mpiga gitaa wa bluzi aliyemtangulia kurekodi na ambaye alifariki mwaka huo huo wa 1973, alisifiwa kwa maneno ya aina hiyo hiyo. Waliosema hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakitoa sifa kubwa kuliko zote walizokuwa nazo.

Hata hivyo, tuichambue sifa hiyo kama tunavyochambua tashibihi yoyote. Tashibihi ina kifananishwa na kifananishi, na kifananishi ndicho kipimo. Tukisema fulani ni mkali kama simba, simba ndiye mwenye ukali na fulani amekopa. Vivyo hivyo, tukisema mwanamke anapiga kama mwanamume, ufundi unabaki kuwa mali ya wanaume, naye ameazimwa. Kila anavyozidi kusifiwa ndivyo deni linavyozidi. Na mkopaji haandikwi katika historia kuwa mwanzilishi. Ndiyo maana hakuna aliyeona ajabu pale vijana waliomwiga Tharpe walipoitwa waasisi, na yeye akaachwa nje. Mwigaji alihesabiwa mwenye mali, mwenye mali akahesabiwa mwigaji. Tashibihi ndogo ya maneno matatu iliugeuza mwelekeo wa urithi.

4. Kiswahili na Mwanamke Fundi

Tukija nyumbani, jambo la kwanza linalotupendeza ni kwamba sarufi ya Kiswahili haina lawama. Kiambishi cha nafsi a- hakibagui. Anayesema "anapiga gitaa" hajasema kama ni mwanamke au mwanamume. Nomino mpiga, mcharaza, mwimbaji, fundi, manju na malenga zote zimo katika ngeli ya watu na zote ziko wazi kwa jinsi zote. Hata kitenzi kupiga hakina upendeleo, kwani tunapiga gitaa na tunapiga ngoma, lakini pia tunapiga pasi, tunapiga deki na tunapiga vigelegele.

Lakini ubaguzi usiopitia mlango wa sarufi huweza kupitia dirisha la matumizi. Magazeti yetu huandika "mpiga gitaa wa kike", na mimi sijapata kukutana na "mpiga gitaa wa kiume". Kinachohitaji kivumishi ni kile kinachohesabiwa kuwa si cha kawaida. Tazama pia kiambishi cha namna, ki-. Kujikaza kiume ni kuwa na ushujaa, ilhali kulia kike ni kudharauliwa. Na tunalo neno moja linalostahili tasnifu yake, nalo ni jikedume. Mwanamke jasiri huitwa jikedume kwa kusifiwa, na mwanamke asiyefuata anachotarajiwa kufanya huitwa jikedume kwa kukemewa. Neno ni lile lile, na mara nyingi mtu anayeitwa hivyo ni yule yule. Kwa hiyo tusidhani kuwa tashibihi iliyompoteza Tharpe ni ya lugha za wengine pekee.

Muziki wetu nao unatoa ushahidi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akawa sauti iliyofungua njia kwa taarabu ya Kiswahili. Sauti ilikuwa yake, lakini udi na fidla vilikuwa mikononi mwa wanaume waliofuatana naye. Mgawanyo huo wa mwanamke kinywa na mwanamume kidole ulikaa muda mrefu hata ukaonekana kuwa ni maumbile. Si maumbile. Katika unyago ngoma hupigwa na wanawake. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa ngoma ya msondo kama alivyojulikana kwa taarabu. Mikono ya wanawake wa pwani haikuwa na upungufu. Ufundi wao ulikuwapo siku zote, ila ulikuwa ndani, mahali ambapo wanaume na vinasa sauti havikuingia.

Na huko huko ndani ndiko Kiswahili kilikohifadhi dawa yake. Tafakarini maneno kungwi, somo na nyakanga. Haya ni majina ya wanawake wenye elimu na mamlaka, nayo hayapimwi kwa mwanamume yeyote. Hakuna asemaye kuwa nyakanga anafundisha kama mwanamume, kwa kuwa kipimo cha nyakanga ni nyakanga mwenziwe. Lugha yenye maneno kama hayo haiwezi kujitetea kuwa haijui kumtaja mwanamke fundi. Inajua, ila haijauleta ujuzi huo hadharani.

5. Maana Mbili za Kutunza

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kitenzi tunza hubeba maana mbili. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi kwa kuridhika naye, kama wafanyavyo wapenzi wa taarabu wanaponyanyuka na noti mkononi. Kutunza pia ni kukihifadhi kitu kisipotee. Rosetta Tharpe alitunzwa kwa maana ya kwanza, kwani watu zaidi ya 20,000 hawanunui tiketi kwa mtu wasiyemtaka. Kwa maana ya pili, alisubiri.

Tazameni mfuatano huu. Jumba la kuwatukuza magwiji, Rock and Roll Hall of Fame, lilipowapokea watu wake wa kwanza mwaka 1986, wasanii wote walikuwa wanaume, na Little Richard alikuwa mmoja wao. Mwaka 1998 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura ya Tharpe, lakini katika mfululizo wa waimbaji wa injili. Gitaa halikutajwa katika cheo hicho. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone lilichapisha orodha ya wapiga gitaa 100 bora. Wanawake walikuwa wawili tu, Joni Mitchell na Joan Jett, na Tharpe hakuwamo. Mwaka 2007 Gayle Wald alichapisha wasifu wake, miaka 34 baada ya kifo. Mwezi Januari 2008 lilifanyika onyesho la kuchangisha fedha, ndipo kaburi likapata jiwe. Mwaka 2018 jumba lile la magwiji lilimpokea, si katika kundi la wasanii bali katika kundi la waliotangulia kuwaathiri wengine. Na mwaka 2023 jarida lile lile la Rolling Stone lilipotoa orodha mpya ya wapiga gitaa 250, lilimweka nafasi ya 6.

Kati ya mwaka 2003 na 2023 Tharpe hakuongeza hata mlio mmoja, kwani alikuwa kaburini. Santuri zilikuwa zile zile, na filamu ya Manchester ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maneno ambayo watu waliyatumia walipozungumza juu yake. Sijui kama upo ushahidi ulio wazi zaidi wa nguvu ya kutaja. Siti binti Saad alikuwa na bahati ambayo Tharpe hakuwa nayo: alimpata Shaaban Robert, mtu wa kalamu aliyeona kuwa maisha ya mwimbaji yanastahili wasifu.

6. Hitimisho

Yapo maoni kwamba tiba ni kukifuta kabisa kivumishi "wa kike", tukaacha ufundi peke yake. Nayaheshimu maoni hayo, lakini yana hatari yake. Tukikifuta kila mahali, tutakuwa tumeificha pia historia: madhabahu aliyozuiwa, jina la mume alilolibeba, jukwaa lililomlaani na kaburi lisilo jiwe. Tukikiacha kila mahali, tutakuwa tumempima kwa mizani isiyo yake. Pendekezo langu ni kutenganisha mambo mawili. Tunapoeleza hali ambamo mtu alifanya kazi, tuseme wazi kuwa alikuwa mwanamke, alikuwa mweusi, alikuwa maskini, maana hayo ni sehemu ya ukweli. Tunapoipima kazi yenyewe, tuseme fundi, tukomee hapo.

Kwenu wanafunzi, hili si jambo la nadharia tu. Wapo katika miji na vijiji vyetu wanawake waliopiga ngoma, magitaa, vinanda na fidla, na sauti za wengi wao hazijarekodiwa wala majina yao kuandikwa. Mtakapokwenda nyanjani kukusanya data, msiulize tu nani aliimba. Ulizeni nani alipiga, nani alifundisha kupiga, na watu wa mahali pale walimwita kwa neno gani. Liandikeni neno hilo kama lilivyotamkwa. Huenda likawa jina ambalo kamusi zetu bado hazina, na ambalo fundi fulani analihitaji ili asipotee.